Ubaguzi Kazini: Majibu kwa Wanaosema Haupo

Hoja za kukana ubaguzi wa rangi kazini mmeshazisikia. Mmezisikia kwenye vikao vya wafanyakazi, kwenye safu za maoni za magazeti, na kutoka kwa wakurugenzi wanaohojiwa redioni kila lalamiko linapovuja nje ya geti la shirika. Nimezifuatilia kwa miaka mingi na siwezi kuzipuuza, maana ndizo zinazoamua nani anapandishwa cheo Nairobi, nani anaishia kwenye mikataba ya miezi sita Dar es Salaam, na muuguzi gani kutoka Kakamega anaitwa mbele ya kamati ya nidhamu huko Uingereza. Nitaichukua kila hoja kwa sura yake nzuri, kama watetezi wake wanavyopenda isikike, kisha ninyi wasomaji mpime. Ninachodai mimi ni kimoja. Ubaguzi wa kazini hupimwa kwa maamuzi, na anayeukana anapaswa kuyaleta maamuzi yake mezani: aliyeitwa, aliyeajiriwa, aliyelipwa, aliyeadhibiwa. Katika hoja zote nilizozisikia, sijaona inayofanya hivyo.

Hoja inayotangulia ni kwamba hapa hakuna mbaguzi. Bosi anasalimiana na kila mtu, anakula ugali kantini pamoja na madereva, hajawahi kumtukana mtu kwa rangi yake, na pengine ameoa hapahapa. Nakubali kwamba mameneja wengi ni watu wa heshima. Lakini hoja hii inadhani ubaguzi ni matusi, na matusi ndiyo sehemu iliyo rahisi kushughulikiwa. Septemba 2018 ilisambaa nchini Kenya video ya mfanyabiashara kutoka China akimwambia mfanyakazi wake kwamba Wakenya ni kama nyani, rais wao akiwemo. Idara ya Uhamiaji ilimkamata na kumfukuza nchini. Mambo yakaisha upesi, kwa sababu ushahidi ulikuwa na sauti na picha.

Sasa tazameni kisicho na sauti wala picha. Marianne Bertrand na Sendhil Mullainathan, wachumi wanaofanya kazi Marekani, walituma wasifu wa kazi wapatao 5,000 kujibu matangazo ya ajira yaliyotoka magazetini Boston na Chicago. Waombaji walikuwa wa kubuni na sifa zao zilisawazishwa. Kilichobadilishwa ni majina: mengine yalisikika kuwa ya Wazungu, mengine ya Wamarekani weusi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2004. Mwenye jina la Kizungu alihitaji kutuma maombi kama 10 ili aitwe mara moja. Mwenye jina la mtu mweusi, kama 15. Hakuna aliyetukanwa. Kama waombaji hao wangekuwa watu halisi, hakuna ambaye angejua kwamba amebaguliwa. Angeona tu kwamba simu haiiti.

Wapo wanaojibu kwamba hayo ni ya zamani. Basi tuje karibu. Patrick Kline na wenzake walirudia jaribio la aina hiyo kwa upana mkubwa zaidi, maombi yapatayo 83,000 kwa makampuni makubwa zaidi ya 100 ya Marekani, na kuchapisha matokeo mwaka 2022. Pengo walilolikuta ni dogo kuliko lile la 2004, na haki inadai hilo lisemwe. Ila halikugawanyika sawasawa. Sehemu moja ya tano ya makampuni ilibeba karibu nusu ya nafasi zote walizokosa waombaji weusi. Maana yake ni kwamba kauli ya "hapa kwetu hakuna" inaweza kuwa kweli katika kampuni moja na uongo katika kampuni ya jirani, na kote kuwili mameneja wanasalimia vizuri. Kinachozitofautisha ni hesabu. Mkurugenzi ambaye hajawahi kuhesabu walioomba, walioitwa na walioajiriwa anazungumzia jambo asilolijua.

Hoja ya soko la mishahara ndiyo yenye nguvu zaidi katika miji yetu, na nitakaa nayo. Inasema hivi: wageni na wenyeji wanalipwa tofauti kwa sababu soko linataka hivyo. Mtaalamu anayetoka London au Toronto ameacha nyumba yenye mkopo, watoto wake wanahitaji shule, na bila malipo ya kumvutia hatakuja. Mwenyeji yuko hapa tayari na anaukubali mshahara wa hapa. Rangi haihusiki.

Mpangilio huu una historia, na historia yake haikuanzia sokoni. Mwaka 1948 Tume ya Holmes, iliyochunguza utumishi wa serikali Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, ilipendekeza kwamba asiye Mzungu alipwe tatu ya tano ya mshahara wa Mzungu katika nafasi ileile. Sababu ilitajwa waziwazi: Mwafrika, hata akiwa na elimu ya kutosha, alidaiwa kuwa nyuma katika uwajibikaji, katika kuamua mambo na katika bidii. Mwaka 1954 Tume ya Lidbury ikaifuta kanuni ya tatu ya tano na kupendekeza ngazi za mishahara zisizotaja rangi. Hapohapo ikapendekeza malipo ya ziada, ya kivutio, kwa maofisa waliotolewa ng'ambo. Rangi ikaondoka kitabuni, pengo likabaki kwa jina jipya. Pimeni basi. Kama pengo lilikuwapo kabla malipo ya kivutio hayajapendekezwa, na lilitetewa kwa sababu nyingine kabisa, kivutio hakiwezi kuwa ndicho chanzo chake. Ni maelezo yaliyotafutwa baada ya maelezo ya kwanza kuwa aibu.

Leo Umoja wa Mataifa, wenye moja ya makao yake makubwa pale Gigiri, una kanuni mbili za mishahara zilizoandikwa na kupewa majina. Watumishi wa kimataifa hulipwa kwa kanuni ya Noblemaire, iliyorithiwa kutoka Shirikisho la Mataifa: mshahara wao unafuata utumishi wa serikali ya nchi inayolipa vizuri kuliko zote, ambayo kwa miaka mingi imekuwa Marekani. Wanaoajiriwa mahali hapohapo wanafuata kanuni ya Flemming ya 1949, yaani hali bora za ajira zinazopatikana katika mji husika. Maofisa wataalamu wa kitaifa, watu wenye shahada na majukumu ya kitaalamu, wamewekwa upande huu wa pili. Nakiri kwamba kanuni hizi hazitaji rangi, na kwamba Mkenya aliyeajiriwa kimataifa Geneva analipwa kwa Noblemaire kama Mfaransa. Lakini hapo ndipo hoja ya soko inapokatika. Mkenya yuleyule, mwenye ujuzi uleule, akiajiriwa Nairobi kama ofisa wa kitaifa bei yake inashuka. Ujuzi haujapungua. Kilichobadilika ni mlango alioingilia, na katika jiji ambalo mlango wa kitaifa ni wa raia wa Kenya peke yao, matokeo kwa rangi za watu yanaonekana kwenye foleni ya kantini bila kuhitaji mtafiti.

Gharama za kuhama nazikubali kabisa. Anayehama alipiwe tiketi, kusafirisha vyombo, nyumba ya kufikia, hata ada za watoto. Hizo ni gharama na zina risiti. Zikae kwenye fungu lake. Ada ya shule haielezi kwa nini mshahara wa msingi nao uwe mara kadhaa ya ule wa mwenzake. Wala haimwelezi mgeni ambaye kila mkazi wa Lavington au Masaki anamfahamu: yuko hapa mwaka wa kumi na tano, watoto wamezaliwa hapa, Kiswahili anakizungumza, nyumba aliyoiacha ameshaiuza, na bado analipwa kama aliyeshuka ndege jana. Kama malipo ni fidia ya usumbufu wa kuhama, usumbufu wake unaisha lini? Wakati huohuo Mganda aliyehamia Dar es Salaam, au Mkongo aliyehamia Kigali, amevuka mpaka, ameacha nyumba na kuhamisha watoto. Yapo mashirika yanayomwita mtumishi "wa kanda" na kumpa fungu lake dogo la pekee. Amehama kama yule wa Toronto, na hoja ya kuhama haimsaidii.

Kuna mgongano mwingine humohumo. Soko huhitaji bei inayojulikana. Muuza nyanya wa Kariakoo anajua jirani yake anauza sado kwa shilingi ngapi, na ndiyo maana pale pana soko. Katika mashirika mengi slipu ya mshahara ni siri, na anayeuliza mwenzake analipwa kiasi gani huonekana mchochezi. Huwezi kudai kwamba bei imepangwa na soko halafu ukaficha bei. Kwa upande wa Kenya sheria imeshasema: Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 5, inamtaka mwajiri alipe ujira sawa kwa kazi yenye thamani sawa. Kipimo kilichotajwa ni thamani ya kazi.

Kisha husemwa kwamba ajira ni kwa sifa tu. Nafasi inatangazwa, kila mtu anaomba, jopo linatoa alama, anayeshinda anashinda. Ingekuwa hivyo nisingekuwa na la kusema. Lakini tusome tangazo la kawaida la shirika la misaada: mkuu wa programu, shahada ya uzamili, miaka mitano ya uzoefu wa kimataifa. Wamekuja waombaji wawili. Wa kwanza amezaliwa Lodwar na amefanya kazi za ukame Turkana kwa miaka 14. Anajua kisima kipi kimeingia chumvi, barabara ipi haipitiki mto ukijaa, na mzee yupi lazima aketishwe kwanza kabla mgao wa chakula haujaanza, la sivyo mgao utavurugika. Wa pili ametoka Ulaya, amekaa Turkana miaka mitatu na Haiti miwili. Turkana ni ileile na ripoti ni zilezile. Kwa wa pili, miaka ile mitatu inahesabiwa kuwa uzoefu wa kimataifa. Kwa wa kwanza, miaka yote 14 ni uzoefu wa kienyeji, na kwenye kisanduku hicho cha fomu ya mchujo anapata sifuri. Sifa iliyopimwa hapo ni umbali wa mahali alikozaliwa mtu na mahali pa kazi.

Akipenya mchujo, anakutana na jopo. Fomu ya usaili ina safu ya maarifa, ya uongozi, ya mawasiliano, na mara nyingi safu ya mwisho inauliza kama mwombaji ataendana na timu. Safu tatu za kwanza zina maswali yaliyoandikwa na majibu yanayotarajiwa. Ya mwisho haina. Mjumbe anaandika 2 au 5 kwa alivyohisi, na hisia humvuta kwa anayefanana naye, aliyesoma chuo cha aina ileile na anayetamka Kiingereza kama yeye. Nimewahi kukaa kwenye jopo la namna hiyo, katika shirika nisilolitaja. Mwombaji aliyeongoza safu tatu alipitwa kwenye safu ya nne, na hakuna mjumbe aliyeweza kueleza kwa sentensi moja ni kitu gani mwombaji yule alikosa. Anayesema "sifa tu" na bado anatoa alama za "kuendana" ametamka mambo mawili yasiyokaa pamoja, na itabidi aliache moja.

Uingereza wamelipima jambo hili. Huduma ya afya ya taifa, NHS, ambako wauguzi wa Kenya wamekuwa wakienda kwa makubaliano ya serikali mbili ya mwaka 2021, tangu 2015 inazitaka hospitali za England kutoa takwimu za usawa wa rangi kila mwaka. Katika ripoti ya 2022, mwombaji Mzungu aliyekwishaorodheshwa kwa usaili alikuwa na nafasi ya kuajiriwa zaidi ya mara 1.5 ya mwombaji asiye Mzungu aliyeorodheshwa pia. Zingatieni neno aliyeorodheshwa. Wote wawili walishakubaliwa kwenye karatasi kwamba wana sifa. Pengo lilipatikana baada ya sifa kuthibitishwa, ndani ya chumba cha usaili.

Hoja ya watu wachache waovu inakuja pale ushahidi unapokuwa hauzuiliki tena. Shirika ni safi, wanasema, ila limeingiliwa na wawili watatu wabaya. Waondoeni na mambo yatatengemaa. Hoja hii inaweza kujaribiwa, na imejaribiwa na polisi wa London. Stephen Lawrence, kijana mweusi, aliuawa na genge la vijana Wazungu mwaka 1993. Mwaka 1999 ripoti ya William Macpherson ilisema kwamba uchunguzi wa mauaji hayo uliharibiwa na ubaguzi wa kitaasisi katika jeshi la polisi la Metropolitan, ubaguzi uliomo katika taratibu na mazoea, wala si katika mioyo ya askari wachache tu. Miaka 24 baadaye, Machi 2023, Louise Casey alichunguza jeshi hilohilo na kufikia hitimisho hilohilo. Askari wengi waliokuwapo 1999 walishastaafu. Kama tatizo lilikuwa ni watu, liliondokaje nao na bado likabaki?

Nije kwenye hoja ya ukimya, ambayo kwangu ndiyo yenye madhara zaidi ingawa kuijibu ni kazi fupi. Ofisi ya rasilimali watu inasema haijapokea lalamiko la ubaguzi hata moja, kwa hiyo ubaguzi haupo. Fikirieni mkataba wa mwaka mmoja unaofika mwisho kila Desemba. Anayeamua kama utaongezwa ndiye anayelalamikiwa. Barua ya kuombea kazi kwingine ataiandika yeye. Anayepokea malalamiko anakula naye chakula cha mchana na anaripoti kwake. Katika mazingira hayo mtu mwenye akili timamu na watoto wa kusomesha atafunika kombe mwanaharamu apite. Ukimya huo unasomwa kama ushahidi wa amani. Na siku mmoja akivunja ukimya, husikii wakisema kwamba sasa ushahidi umepatikana. Husema huyu ana kinyongo, alikosa cheo, anapika majungu. Kwa kanuni hii, kutolalamika kunathibitisha kwamba ubaguzi haupo, na kulalamika kunathibitisha kwamba mlalamikaji ana kasoro. Hoja isiyoweza kushindwa na ushahidi wowote haikujengwa juu ya ushahidi.

Mwaka 2020 watu wapatao 1,000, wafanyakazi wa Médecins Sans Frontières wa wakati huo na wa zamani, walitia saini tamko lililolishutumu shirika lao kwa ubaguzi wa kitaasisi. Hili ni shirika ambalo wafanyakazi wake walio wengi sana huajiriwa katika nchi zilezile linakotoa huduma. Uongozi haukusema kwamba hao 1,000 wana kinyongo. Ulikubali kwamba mabadiliko hayakwenda kwa kasi inayotakiwa. Watu wengi hivyo hawakuona mambo hayo kwa mara ya kwanza juma lile. Walichopata ni wingi, na wingi uliwapa kinga ambayo mtu mmoja hana.

Kuna wanaotugeuzia kibao: mbona ninyi wenyewe mna ukabila? Ofisi za serikali zimejaa watu wa ukoo mmoja, mnawalaumu vipi wageni? Ukabila upo, unaumiza, na kwa Mkenya wa jamii ndogo anayetafuta kazi unaweza kuumiza kuliko jambo lolote lililotajwa humu. Sitaufunika ili hoja yangu ing'ae. Lakini tazameni Kenya ilivyoushughulikia. Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008 inakataza taasisi ya umma kuwa na zaidi ya thuluthi moja ya wafanyakazi wake kutoka jamii moja, na tume iliyoundwa kwa sheria hiyo imekuwa ikihesabu watumishi na kuzitaja taasisi zinazovuka kiwango. Utekelezaji unalegalega, najua. Ila hakuna aliyesema ukabila ni matusi tu, au kwamba usihesabiwe. Anayeleta mfano wa ukabila ameleta mfano wa upendeleo unaopimwa kwa idadi na kuwekewa mpaka na sheria. Basi akubali kipimo hichohicho kwa mishahara na vyeo katika shirika lake. Akikataa, ukabila kwake ni kichaka cha kujificha.

Inayofanana nayo ni hoja ya ubaguzi wa kinyume, kwamba kuwapa wazawa kipaumbele ni kumbagua mgeni. Hapa natofautiana na baadhi ya walio upande wangu. Wapo wanaotumia neno mzawa kumtenga raia mwenye asili ya India au Ulaya ambaye babu yake amezikwa Tanga. Huo ni ubaguzi wa rangi, na nitaupinga kwa hoja zilezile. Oktoba 1961 Nyerere aliwapinga vikali bungeni waliotaka uraia wa Tanganyika utolewe kwa kufuata rangi. Januari 1964 aliagiza kwamba kuwapendelea raia weusi katika ajira za serikali kukome, raia wote wawe sawa. Halikuwa jambo la kufurahisha umma. Mwezi huohuo wanajeshi wa kambi ya Colito, Dar es Salaam, waliasi, na miongoni mwa madai yao ni kuondolewa kwa maofisa Waingereza. Lakini mstari alioupiga uko wazi: raia na asiye raia ni tofauti ambayo dola inaruhusiwa kuitambua, rangi na rangi siyo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya 2004, kifungu cha 7, inakataza ubaguzi wa rangi, kabila, taifa na mengine mengi, na palepale inatamka kwamba hatua za kurekebisha ukosefu wa usawa hazihesabiwi kuwa ubaguzi. Nayo Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya 2015 inamtaka mwajiri wa mgeni awe na mpango wa kurithisha ujuzi kwa raia. Mgeni hakatazwi kufanya kazi. Anatakiwa afundishe, na mwajiri aonyeshe anayefundishwa ni nani. Mwajiri anayeomba kibali kwa ajili ya mtu yuleyule, kwa kazi ileile, kwa maelezo kwamba mwenyeji mwenye ujuzi hapatikani, anakiri kwamba mpango wake wa kurithisha ulibaki kwenye karatasi.

Wengine hawakani. Wanasema wameshalishughulikia kwa mafunzo. Kila mfanyakazi amehudhuria semina ya siku moja kuhusu upendeleo usio wa makusudi, amejaza dodoso, amepewa cheti. Mei 29, 2018, baada ya wanaume wawili weusi kukamatwa katika duka lake moja mjini Philadelphia kwa sababu walikaa bila kununua kitu wakimsubiri mtu, kampuni ya kahawa ya Starbucks ilifunga maduka yake zaidi ya 8,000 ya Marekani kwa mchana mmoja ili kuwafunza wafanyakazi. Sina shaka na nia yao. Ila swali la kama njia hii inafanya kazi lilikuwa limeshajibiwa. Mwaka 2006 Alexandra Kalev, Frank Dobbin na Erin Kelly walichapisha utafiti wa makampuni 708 ya Marekani, wakifuatilia takwimu za kuanzia 1971 hadi 2002. Mafunzo ya kurekebisha upendeleo wa mameneja yalikuwa miongoni mwa hatua zilizosaidia kidogo kabisa kuongeza wanawake na watu weusi katika uongozi. Kilichosaidia zaidi ni kumkabidhi mtu au kamati jukumu hilo, kwa mamlaka, na kuwadai matokeo.

Turudi NHS, maana wapo waliochoka wanaosema hakuna kinachobadilika. Mwaka 2016 mfanyakazi asiye Mzungu alikuwa na uwezekano mara 1.56 wa kuingizwa kwenye mchakato rasmi wa nidhamu kuliko Mzungu. Kufikia 2020 uwezekano huo ulishuka hadi mara 1.16. Hospitali zilitakiwa kuhesabu na kutangaza, na baadhi ziliweka hatua ya faili kupitiwa na mtu mwingine kabla ya hatua rasmi kuanza. Meneja aliyekuwa akiandika barua ya onyo kwa hasira ya saa nne asubuhi, sasa alilazimika kumweleza mtu wa tatu kwa nini kosa hilihili la fulani lilimalizwa kwa maneno. Pengo la kuajiri halikushuka namna hiyo. Tangu 2016 limekaa karibu palepale. Mimi nasoma tofauti hiyo hivi: uamuzi wa nidhamu uliwekewa mtu wa kuuliza maswali, uamuzi wa kuajiri umebaki chumbani na jopo lake.

Imebaki hoja ya mwisho, ile ya kisheria, nayo hutamkwa kwa kujiamini kuliko zote: anayedai amebaguliwa alete ushahidi, maana ndivyo haki ilivyo, anayeshtaki athibitishe. Kwa kesi nyingi ni kweli. Kwa kesi hii wabunge wetu waliamua tofauti. Sheria ya Ajira ya Kenya inasema kwamba ubaguzi ukidaiwa, ni juu ya mwajiri kuthibitisha kwamba haukutokea. Tanzania inamtaka mfanyakazi aonyeshe kwanza dalili za kutosha, kisha mzigo unahamia kwa mwajiri. Sababu yake si ngumu. Mfanyakazi ana slipu yake moja na kumbukumbu zake. Orodha ya walioomba na walioitwa, fomu za usaili zenye alama za kila mjumbe, jedwali la mishahara kwa kila cheo, majalada ya walioonywa na waliosamehewa, mpango wa kurithisha ujuzi uliopelekwa kwa kamishna wa kazi, vyote viko kwa mwajiri. Anayesema kwamba hakuna ubaguzi katika shirika lake anavyo vitu vya kuthibitishia. Avitoe.